Mbona muda wako wa kilomita 10 haushuki?

Wateja wengi wanaotujia kwenye jimu yetu hapa Tudor, Mombasa, si wageni wa mazoezi. Wanaamka alfajiri, wanazunguka Mama Ngina au wanavuka daraja la Nyali na kurudi kabla matatu hazijajaa barabarani. Bidii wanayo, tena ya kuonewa wivu. Ila saa inawaonyesha yale yale: kilomita 10 kwa dakika 60, mwezi baada ya mwezi.

Tatizo kubwa ni hewa yetu. Mwili unaokimbia hupoa pale jasho linapokauka kwenye ngozi, na Mombasa, hasa msimu wa kaskazi, unyevu ni mwingi kiasi kwamba jasho linachuruzika tu. Moyo unalazimika kugawa damu, nyingine iende kwenye misuli na nyingine kwenye ngozi ikatoe joto. Mapigo yanapanda, mwendo unashuka, na hali miguu ingali na nguvu. Hata mabingwa hawasalimiki. Mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa Mombasa Machi 2007, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, aliacha njiani katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa.

Ndiyo maana tunasisitiza siku ya kasi ifanyiwe kwenye mashine ya kukimbilia, ndani, kwenye ubaridi wa eisii na feni ikikupulizia usoni. Feni ni lazima: kwenye mashine husogei, kwa hiyo hakuna upepo unaokupoza.

Tuseme unataka kushuka hadi dakika 55. Kasi unayohitaji ni kilomita 11 kwa saa, yaani kama dakika 5 na sekunde 27 kwa kila kilomita. Pasha mwili dakika 10 kwa kasi ya 8 au 9, weka mwinuko wa asilimia 1 kufidia upepo ambao ungekukabili barabarani, kisha kimbia dakika 5 kwa kasi ya 11. Tembea dakika 2. Rudia mpaka zitimie mara nne. Ukiona raundi ya nne unaimaliza bila kuyumba, wiki inayofuata fanya dakika 8 mara tatu, halafu 12 mara mbili, mpaka siku utakayoshika dakika 20 bila kusimama. Kasi ni ile ile, kinachoongezeka ni muda wa kuistahimili. Hapo ndipo watu wengi hupotea: wanapandisha namba hadi 14, wanang'ang'ania vishikio, wanashuka wakihema. Ukishashika vishikio, namba iliyo kwenye kioo si yako tena.

Barabarani ni vigumu kulifanya zoezi hili sawasawa. Unaanza kwa kishindo, tuktuk inakukatia njia, unapunguza, unajifariji kwamba utafidia mbele. Mkanda wa mashine haubembelezwi. Ukizembea sekunde chache tu, unaona unarudishwa nyuma.

Hata hivyo, usituhamie moja kwa moja. Mbio zenyewe zitakuwa nje, kwenye lami na jua, na mwili huchukua takriban wiki mbili kuzoea joto. Mashine iwe mara moja kwa wiki, mara mbili ukiwa umekomaa, na siku zinazobaki kimbia nje polepole, mwendo ambao unaweza kupiga soga na mwenzako bila kukatika pumzi. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua aanze kwa daktari.

Vikao vya kasi ni Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi ni zamu ya akina mama peke yao, mkufunzi akiwa mwanamke. Ramadhani tunafungua tena baada ya tarawehe, maana kukimbia kasi ukiwa umefunga hatukushauri kamwe. Siku ya kwanza tunakupima kasi yako ya sasa bila malipo, halafu ndipo tunapanga namba zako. Njoo na viatu unavyokimbilia siku zote, taulo na chupa ya maji. Kamba ya usalama tutakufunga sisi kiunoni. Ukiteleza, mkanda unasimama papo hapo.