Shosti, kuhusu lile swali lako la kupiga mwanga

Shosti wangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote, hongera sana kwa ile oda ya tisheti za harusi. Sasa lile swali, kwamba kama mimi huku Eindhoven, Uholanzi, nafanya kitu kilekile unachofanya wewe na fremu zako za kuprinti tisheti, yaani dawa, filamu na taa, mbona mashine za chipu ni bei ya ndege na yako ni boksi la mbao lenye kioo juu, aisee limenikaa kichwani wiki nzima.

Kwanza upo sahihi kabisa, kazi ni moja. Wefa ya silikoni, yaani kile kisahani chembamba ambacho chipu zinatengenezwa juu yake, inapakwa dawa inaitwa resisti, juu inakuja maski ambayo ni kioo chenye mchoro wa kromu, unapiga mwanga, unaosha, mchoro unabaki. Hata taa za njano tunazo kama wewe, kwa sababu resisti haishtuki na njano, inashtuka na zambarau na ule mwanga usioonekana. Kinachobadilika ni kati ya maski na wefa unaacha nini.

Mimi kwenye mashine ya chuo nagusisha maski na wefa. Naangalia kwenye hadubini, napanga alama za maski zilale juu ya alama za wefa, halafu wefa inapandishwa mpaka ibane na hewa inanyonywa. Hapo ndo kuna kitu nakipenda: kama haijabana vizuri unaona viduara vya rangi, kijani na pinki vimezungukana, ujue kuna pengo, ama vumbi limekaa katikati ama resisti imejaa pembeni, maana tunaisambaza kwa kuizungusha wefa kwa kasi na ile ya ukingoni huwa inabaki nene, inabidi niifute na asetoni. Ikibana sawasawa unapata mistari ya mikroni moja hata chini ya hapo, na mikroni ni milimita moja gawanya kwa 1000.

Shida ni kwamba kugusa kunaua maski. Resisti inang'ang'ania kwenye kioo, kromu inakwaruzika, na kila mkwaruzo unahamia kwenye wefa zote zinazofuata. Miaka ya 1960 viwanda vya chipu Marekani vilikuwa vinafanya hivihivi na maski ilikuwa kitu cha kutumia na kutupa.

Basi wakasema tuache kapengo, mikroni 10 mpaka 50 hivi. Maski inapona ila mwanga ukipita kwenye tundu jembamba unatawanyika, na ukitaka kujua unapoteza kiasi gani zidisha urefu wa wimbi na pengo halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa mwanga wenye wimbi la nanomita 365 (nanomita ni mikroni moja gawanya kwa 1000) na pengo la mikroni 20 unaangukia karibu mikroni 3, chini ya hapo ni ukungu tu. Na wewe hapohapo, zile herufi nyembamba ulizosema zinakatika, hebu angalia upande wa wino wa filamu umelala wapi. Ukiwa umeangalia kioo badala ya dawa, unene wote wa filamu umeshakuwa pengo, taa inaingia kwa pembeni na kuigandisha dawa pasipotakiwa. Igeuze, na mchoro uuprinti upya kinyume na ulivyo sasa, ili herufi zisije zikasomeka kinyumenyume.

Sasa njia ya tatu, kurusha picha kwa mbali. Watu wanasifia mashine za leo lakini kwangu mimi heshima kubwa inaenda kwa Micralign, mashine ya kampuni ya Marekani ya Perkin-Elmer, 1973. Wale jamaa walitumia vioo vya kuakisi, na vioo vile vilikuwa vinatoa picha safi kwenye kaukanda kembamba kaliopinda tu, kwingine kote hovyo, basi wakamulika hako kaukanda peke yake halafu wakaisogeza maski na wefa kwa pamoja mpaka yote ikapita. Hakuna kugusana, na maski inadumu! Mwaka 1978 kampuni nyingine ya Marekani, GCA, wakaleta mashine inaitwa stepa, lenzi inayopunguza mchoro mara 10, inapiga kakipande, inasogea, inapiga tena, ndo maana kasoro ya maski nayo inanywea mara 10. Ila vumbi moja kwenye maski likionekana linajirudia kila kipande, kwa hiyo maski inavishwa utando mwembamba ulioachwa mbali kidogo, vumbi likitua pale linakuwa nje ya fokasi.

Siku hizi wanapunguza mara 4, na mwanga unapita kwenye ufa huku maski na wefa zikisogea, wazo lilelile la 1973. Kuna zinazoweka maji kati ya lenzi na wefa. Na zile za kampuni ya ASML, hapa jirani Veldhoven, zinatumia mwanga wa nanomita 13.5, unatengenezwa kwa kupiga leza matone ya bati 50,000 kila sekunde, na kwa vile hata hewa na kioo vinaumeza huo mwanga, kila kitu kipo ndani ya ombwe, yaani chumba kilichonyonywa hewa, na lenzi hakuna, wamerudi kwenye vioo vya kuakisi. Ndo bei inapotoka hapo.

Jumatatu naingia maabara tena, nataka nilinganishe kubana kwa nguvu na kubana kidogo kwenye maski moja. We geuza filamu kwanza kabla hujaanza hiyo oda, halafu nitumie picha ya zile herufi kwa karibu. Mama msalimie sana, na watoto.