Barua kwa mwanangu: Mkono wako unafika

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Tanga. Sisi hatujambo. Bibi yako ameniambia nianze na salamu zake kabla ya neno jingine lolote, kwa hiyo zipokee.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Una sapu mbili, mitihani ya kurudia, ya takwimu na ya sheria za biashara, na ukasema hushangai kwa sababu "nisome nisisome, ni yale yale". Ukaongeza kwamba huna nidhamu, bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia halikai, na kwamba wenzako wamepewa moyo ambao wewe hukupewa. Sapu hazinitishi, mama. Zinafanywa, zinapita. Kilichoninyima usingizi ni hilo la "ni yale yale", na ndiyo maana nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, usome taratibu ukiwa umetulia.

Unajua kazi yangu ni kuwafundisha walimu tarajali saikolojia. Hilo ulilolisema nimelifundisha miaka mingi. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Julian Rotter, alichapisha dodoso la kupima jinsi watu wanavyoyaelewa yanayowapata: je, yanatokana na matendo yao, au ni bahati, majaaliwa na mikono ya wenye nguvu? Watu wakalidaka, wakaanza kugawa binadamu mafungu mawili, na fungu la "ni juu yangu" likawa ndilo la watu wazuri. Rotter mwenyewe alilikemea jambo hilo mwaka 1975. Alichokuwa akikizungumzia ni matarajio, na matarajio mtu huyapata kutokana na yaliyomfika, tena yanabadilika kutoka jambo moja hadi jingine. Nakuangalia wewe: pilau ikikushinda leo, kesho unapunguza maji, huketi ukasema hukuumbiwa pilau. Kwenye takwimu umefelishwa mara kadhaa bila kuonyeshwa ulipokosea, na hapo ndipo matarajio yamekufa. Yamekufa hapo tu, si kwako wote.

Sasa nikueleze jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo langu. Mwaka 1967 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier, walifanya majaribio na mbwa. Ni majaribio ya kuhuzunisha na leo yasingeruhusiwa kirahisi. Mbwa wa kundi moja walipigwa shoti za umeme ambazo wangeweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili walipata shoti zilezile, kwa muda uleule, ila kibao chao hakikuzima kitu. Baadaye wote wakawekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Ukiruka tu, umepona. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini, wakavumilia, na njia ya kutokea iko mbele yao.

Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba wale mbwa walijifunza kukata tamaa. Halafu mwaka 2016, baada ya nusu karne, Maier na Seligman haohao wakaandika kwamba tafsiri yao ya awali ilikuwa kinyume. Maier alikuwa ameutumia muda mwingi kuchunguza ubongo, akaona kwamba kiumbe akiumizwa muda mrefu, kunyong'onyea huja kwenyewe. Hakuhitaji kufundishwa, kunaanzia chini kabisa kwenye shina la ubongo. Kinachofundishwa ni kingine: sehemu ya mbele ya ubongo hutambua kwamba "nikifanya hivi, kinatokea kile", na ikishatambua, huutuliza ule unyonge. Mbwa waliokata tamaa waliponyanyuka tena, ilikuwa baada ya kuvutwa kwa kamba, tena na tena, wakavushwa upande wa pili mpaka miili yao ikaona kwamba kuvuka kunasaidia. Maneno peke yake yasingewanyanyua.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuoni mvivu wala mdhaifu. Umechoka mahali ambapo juhudi yako haijajibiwa.

Haya mimi niliyaona kwa macho yangu kabla hata sijayasoma vizuri. Utakumbuka bibi yako alipopata kiharusi, wewe ukiwa bweni. Shangazi zako walimhudumia kwa mapenzi makubwa: wakamlisha, wakamvisha, hadi kanga wakamchagulia. Akawa kimya. Ukimuuliza kitu, anatazama ukutani. Siku moja nikamwekea ungo wa mchele mapajani, nikaendelea na kazi zangu. Mkono wa kulia ulikuwa na nguvu kidogo. Akaanza kusukuma punje moja moja, chuya huku, mawe kule, polepole mpaka adhuhuri ikakaribia. Shangazi yako alitaka kumpokea, nikamkataza. Mchana tulikula wali wenye vijiwe na hakuna aliyesema neno. Kesho yake aliuliza mwenyewe ungo uko wapi, na haikuchukua muda akaanza kutugombeza kwamba mchuzi hauna ukwaju. Huko Connecticut, Marekani, watafiti Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha mwaka 1976 kitu kama hicho kuhusu nyumba ya kulelea wazee: ghorofa moja wazee waliambiwa maamuzi ni yao na wakapewa mmea wa kuutunza wenyewe, ghorofa nyingine waliambiwa watumishi watawafanyia kila kitu, hata mmea ukamwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi.

Kuhusu nidhamu na bumu. Umesikia habari ya watoto kuwekewa pipi laini mezani, anayesubiri anaongezewa ya pili, na watu wakahitimisha kwamba anayeweza kusubiri ndiye atakayefanikiwa. Mwaka 2018 watafiti walirudia kwa watoto wengi zaidi, na walipozingatia hali ya nyumbani, sehemu kubwa ya uhusiano ule ikayeyuka. Kingine kinanigusa zaidi. Mwaka 2013, mtafiti Celeste Kidd na wenzake huko Rochester, Marekani, waliwaahidi watoto rangi nzuri za kuchorea. Baadhi waliletewa, wengine mtu mzima alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Ndipo ikaja pipi. Walioletewa walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Walioangushwa, dakika 3. Wa dakika 3 walikuwa na akili timamu. Walikuwa wameshaona ahadi inavyovunjwa. Na watoto wa jamii ya Nso wa Kamerun, waliolelewa na mama zao wakulima, wengi wao waliweza kusubiri kuliko wenzao wa Ujerumani. Baadhi walipitiwa na usingizi palepale. Hakuna moyo uliogawiwa watu huko juu wewe ukarukwa.

Bumu linalochelewa bila taarifa, kisha linaingia kwa mkupuo, litamfundisha yeyote kula leo. Hilo huwezi kulirekebisha, na sitaki ujilaumu kwalo. Lakini Mtume alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alisema amfunge kwanza, kisha atawakali. Bibi yako anakuombea kila alfajiri. Kumfunga ngamia ni kwako.

Kesho nenda kwa mhadhiri wa takwimu saa anazoonana na wanafunzi. Usiombe huruma, omba akuonyeshe maswali gani yalikuangusha. Kama ni mada ya uwezekano peke yake, basi takwimu yote haijakushinda. Kisha upange kwa namna ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameichunguza sana, kufunga tendo kwenye wakati na mahali: "Nikishaswali Isha, nakaa meza ya dirishani maktaba, nafanya swali moja la uwezekano mpaka jibu litoke." Swali moja. Azimio la "nitasoma kwa bidii" halina pa kushikia. Mwanasaikolojia mwingine, Albert Bandura, alisisitiza kwamba imani ya kuweza hujengwa kuliko vyote na kule kuweza kwenyewe, hata kudogo, kwa hiyo anza na swali unaloliweza nusu.

Na mimi nina sehemu yangu. Kuanzia wiki hii nitakutumia kidogo kila Ijumaa kwa simu, siku hiyohiyo, hata kama ni cha kununulia chapati na maharage. Ikipita Ijumaa haijaingia, nipigie unidai. Sapu ya sheria mjomba wako amesema atakusaidia, alikuwa karani mahakamani na anapenda kuulizwa. Ukipata tarehe za mitihani nitumie zote mbili, pamoja na alichokuambia mhadhiri.

Mama yako