Taarab tuliisikiza jembe mkononi

Kwa Mhariri,

Nimeyasoma makala yenu kuhusu taarab za Mombasa, na mengi yaliyoandikwa ni kweli. Ila palipoandikwa kwamba taarab ni muziki wa usiku na wa mjini, wa arusi na baraza, na kwamba watu wa mashamba walitosheka na ngoma zao, hapo niliweka gazeti chini nikatafuta kalamu. Mimi nimezaliwa na kulelewa Mtongwe, huku Likoni, na taarab nimeijua nikiwa na jembe mkononi, jua la saa nne likinichoma mgongo. Arusini nilikuja kuikuta baadaye, nilipofikia umri wa kupelekwa.

Mtongwe ya leo ni nyumba kwa nyumba. Miaka ya 1970, kwetu ilikuwa minazi, mikorosho na miembe, na chini yake mihogo, kunde na mahindi ya mvua za mwaka. Shamba lilikuwa la bibi yangu, mzaa mama. Mjomba alikuwa kuli bandarini Kilindini, na siku moja akavuka feri na redio ya kaseti begani, kubwa, ya betri sita. Bibi aliizunguka, akauliza bei, akaambiwa, akanyamaza. Kesho yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ipelekwe shamba, kwa sababu nyumbani mchana hakuna mtu wa kuisikiza.

Iliangikwa kwenye tawi la mkorosho ili sauti ifike pande zote. Tatizo la mkorosho ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kufanya viota. Kanda ikifika mwisho lazima mtu aende akaigeuze, na aliyekwenda hurudi akijikung'uta na kulaani. Sisi watoto tulisukumana, nenda wewe, jana nilikwenda mimi, mpaka bibi aseme: "Asokwenda kugeuza, asisikize." Basi tukaenda.

Betri zilikuwa ghali. Zikianza kuchoka kanda huzunguka polepole, sauti ikazama, na Zuhura Swaleh, yule mwimbaji wetu wa kike, akaanza kuimba kwa sauti ya kiume. Hapo bibi huzitoa, akazipanga juu ya bati la banda la kuku zipate jua, na zikipata joto hujikokota kumaliza upande mmoja wa kanda. Kwa sababu hiyo muziki ulikuwa na kipimo. Kila mtu hukatiwa ngwe yake asubuhi, na redio haifunguliwi mpaka ngwe ya kwanza iishe. Sijui kama mlioandika makala mnajua mtu anavyolima anapojua kwamba mwisho wa mstari ule wa mihogo kuna wimbo. Mimi najua. Na nimesikia watu wakisema muziki huwafanya wafanyakazi wavivu. Hao hawajamfanyia kazi bibi yangu.

Halafu si kila muziki uliingia kila kazi. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu mtu wa mjini huona shambani ni kulima tu. Jembe lataka mdundo. Wakati wa kulima mjomba alitutilia chakacha, za huyo huyo Zuhura, taishokoto, kile kinanda cha nyuzi, ikilia juu na ngoma ikijibu chini, na majembe yote yakawa yanashuka pamoja bila mtu kuhesabu. Hata wimbo wa taratibu ulifaa kama shairi lake limekaa sawa. Mshororo wa mizani kumi na sita una kituo katikati, nane huku na nane huku. Jembe hushuka kwenye kina cha kati, likainuka, likashuka kwenye kina cha mwisho. Nilipofika darasa la kufundishwa vina na mizani, mwalimu alishangaa nilivyokuwa mwepesi. Sikumwambia nahesabu kwa mabega.

Vijana wa kiume waliokuja kulima kwa ujira wao walitaka rumba. Walimpenda sana Wilson Kinyonga na nduguze wa bendi ya Simba Wanyika, waliotoka Tanga wakapiga muziki hapa Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi, na vijana wetu waliwahesabu ni wa hapa hapa. Bibi hakuwakataza. Alisema tu kwamba magitaa yakikolea wapalilia mpaka mihogo yenyewe, na siku za rumba alikuwa akipita nyuma yao akikagua.

Kushona makuti ilikuwa kazi nyingine kabisa. Umekaa kivulini, umenyosha miguu, wakunja jani juu ya ufito, wafunga kwa mwaa, jani jingine, na mikono yajiendea yenyewe. Masikio hayana shughuli. Hapo ndipo mwimbaji Juma Bhalo alipopata wasikilizaji wake wa kweli. Mahadhi yake mengi yalitoka kwenye filamu za Kihindi, hilo kila mtu Mombasa alijua, lakini maneno yalikuwa Kimvita cha ndani, Kiswahili cha Mombasa, na mengi yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, ambaye mafumbo kwake yalikuwa mchezo. Wanawake wakishona walikuwa wakibishana ubeti kwa ubeti. Huyu amsema nani? Jirani mmoja alishikilia kwamba wimbo fulani ni wa mke mwenza, akaleta na ushahidi wa majina ya mitaa. Bibi akasema hapana, ni siasa hiyo, sikiza tena. Kanda ikarudishwa nyuma. Ikarudishwa tena mpaka utepe ukamezwa, tukautoa pole pole na kuukaza kwa kalamu ya biro, na ubishi ukaendelea bila muziki hadi adhuhuri. Niulizeni ni arusi gani watu hukaa saa nzima juu ya ubeti mmoja. Arusini watu wana pilau, wana nguo za wenzao za kuangalia.

Tena kanda nyingi zilirekodiwa kwenye arusi zenyewe. Ndani yake ulisikia vigelegele, watu wakiitana, mwimbaji akingojea makelele yapungue. Wanawake wa shambani walivijibu vigelegele hivyo, wa kwenye kanda wakipiga na wa kwetu wakipokea. Siku moja mama mmoja aliinuka na makuti yake mapajani, akaenda mpaka kwenye mkorosho kumtuza mwimbaji, na kwa kuwa shilingi hakuwa nayo akaibandika redio jani. Alirudi ameumwa na maji moto na tulicheka hadi machozi, lakini jani lile bibi hakuruhusu litolewe mpaka jioni. Ametuzwa, alisema.

Mkwezi wetu naye. Alikuwa Mdigo kutoka Waa, na kwao ngoma ni sengenya, naye alikuwa mchezaji wa kusifika. Kwa hesabu ya makala yenu huyo ndiye mtu wa mashamba mwenye ngoma yake. Lakini akiwa juu ya mnazi alitaka mwimbaji Zein l'Abdin na udi wake. Kutoka kileleni tulisikia "Ongezani!", kisha nazi zikaja puu, puu, nasi tukatawanyika. Alisema kule juu upepo hula maneno, na bila maneno udi peke yake haumtoshi. Hakujua kusoma, ila beti alizihifadhi tangu mwanzo hadi kituo, na jioni akizichukua kwao Waa pamoja na ujira wake wa nazi. Alikuwa akinunua kanda kabla hajawa na redio; alikuja nazo kazini zimefungwa kwenye kitambaa, azisikize kwetu. Mchana wa kufua nazi, yeye kwenye kifuo na sisi tukirundika makumbi, ndiye aliyechagua kanda, na hakuna aliyebisha.

Sasa kuhusu usiku. Nadhani najua kosa hili lilikotoka, na si la mwandishi wenu peke yake. Mombasa iliwahi kuwa na kituo chake cha redio wakati wa ukoloni, Sauti ya Mvita, lakini mimi nilipopata akili redio ilikuwa Sauti ya Kenya, na mchana wake ulijaa habari, salamu, vipindi vya shule na matangazo ya vifo. Taarab ilipata sehemu yake tu. Aliyetaka zaidi alitafuta Unguja au Dar es Salaam. Mawimbi ya masafa ya kati hayaendi mbali mchana. Jua likishatua ndipo anga la juu linapoyarudisha chini, yakafika mbali, na kwetu Unguja ilikuwa ikianza kusikika vizuri baada ya magharibi. Kwa hiyo mtu aliyetegemea redio aliizoea taarab kuwa ni ya usiku, pamoja na arusi ambazo nazo ni za usiku. Kaseti ndiyo iliyoutoa muziki huo usiku ikauleta kazini. Mjomba akitoka zamu Kilindini alipitia duka la Mbwana Radio Service kununua kanda, akavuka nazo, na kesho yake saa nne mtu wa Mtongwe alikuwa akisikiza nyimbo zilizoimbwa kwenye arusi ya mjini ambayo hakualikwa. Nasema hivi nikijua kwamba wenye arusi hawakupenda sana. Waliolipa ni wao.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya neno moja la vitendo. Vituo vya redio vya hapa Mombasa, na sasa viko vingi, vimeigeuza hesabu hiyo kuwa sheria. Taarab za kale wanazipiga usiku, watu wakiwa wamelala au wamefungua televisheni. Mchana ni mizaha ya watangazaji, simu za wasikilizaji na nyimbo zile zile za vijana, ambazo sina ugomvi nazo ila nimezihifadhi bila kutaka. Nyuma ya nyumba nimebakiwa na mistari michache ya mihogo na mchicha, sehemu nyingine ya shamba ilikatwa viwanja zamani, na asubuhi nikipalilia nazungusha kile kisahani cha redio mwanzo hadi mwisho bila kumpata Bhalo. Mjukuu wangu aniambia nitilie nyimbo kwenye simu. Amenitilia, na nashukuru, ila simu haina mtangazaji wa kuniambia nani alitunga, nani alipiga fidla, na jirani upande wa pili wa ua haisikii akanijibu kwamba hapana, wimbo huo si wa mke mwenza.

Wanaofanya kazi kwa mikono mchana bado wapo. Wapo wanaomwagilia mboga Kisauni, wanaoshona nguo, wanaokuna nazi kwenye majiko ya mahoteli na kwenye vibanda vya mahamri, wanaoshona makuti ya hizo hoteli, maana makuti bado yanahitajika ingawa minazi yakatwa. Naomba saa moja tu, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ya taarab za Mombasa, na kila wimbo mtangazaji ataje mtunzi wa maneno, si mwimbaji pekee. Juma Bhalo alitutoka 2014 na Zein 2016, na waliowatungia na kuwapigia ala wako ambao hata vijana wa Mji wa Kale hawawajui kwa jina. Makala yenu yenyewe, yote mazuri yaliyokuwemo, hayakumtaja mtunzi hata mmoja.

Wakijibu kwamba hawana nyimbo hizo, mimi ninazo. Kanda za mjomba ziko kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda changu, na baadhi zimeshaanza kushika ukungu kwa unyevu wa huku kwetu. Za mkwezi pia zimo, alituachia alipoacha kukwea. Kituo chochote kilicho tayari kuzinakili kiwasiliane na ofisi yenu, nanyi mna anwani yangu. Waje na mashine yao Mtongwe, asubuhi, na chai itakuwepo. Kanda zenyewe haziazimwi.

Wenu,
Bibi wa Mtongwe,
Likoni, Mombasa