Sindano ya mgongo si moja

Mhariri,

Hapa Tanga, mama aliyejifungua kwa upasuaji akilalamikia kiuno miaka mitatu baadaye, barazani jibu liko tayari: "Ile sindano ya mgongo." Jina hilo moja limebebeshwa vitu vitatu.

Ya upasuaji, ambayo ndiyo wengi wameipata, ni sindano nyembamba inayofika kwenye maji ya uti wa mgongo. Dawa ni kama mililita 2, mara moja, na miguu hufa ganzi baada ya dakika chache.

Epidurali ya kupunguza uchungu wa leba haiyafikii maji hayo. Mama hukaa kitako, mgongo kaupinda kama anayekuna nazi juu ya mbuzi, kidevu kifuani, asijitikise uchungu ukija. Sindano nene huingia baina ya pingili ya tatu na ya nne za kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Humo hupitishwa mrija mwembamba, sindano hutolewa, mrija hubaki, sentimita 4 hadi 5 ndani. Ukizidi, huenda ganzi ikashika upande mmoja. Hapo huvutwa nyuma kidogo kabla ya kuongeza dawa. Nafuu huja kwa dakika 15 hadi 20.

Madhara yapo. Presha hushuka, kwa hiyo hupimwa kila dakika 5 mwanzoni, dripu ikiwa tayari imefungwa. Kwa takriban mama 1 kati ya 100, sindano hutoboa utando unaozuia maji ya uti wa mgongo, maji yakavuja. Kesho yake au keshokutwa kichwa humgonga akiketi, kikatulia akilala. Hicho si cha kuvumilia nyumbani kwa panadoli wiki nzima. Mwenye damu isiyoganda vizuri, au jipu pale mgongoni, hachomwi kabisa.

Ama kiuno cha miezi na miaka: waliochomwa epidurali walipolinganishwa na wasiochomwa, tofauti haikuonekana. Palipochomwa huuma siku chache, basi. Mimba yenyewe hulegeza viungo vya nyonga na kuuvuta mgongo mbele, kisha zinafuata ndoo za maji na kunyonyesha kwa kuinama.

Ya tatu ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa maumivu yanayoshuka mguuni kwa sababu neva imebanwa. Nafuu yake ni ya wiki au miezi michache, na kwa kiuno kinachouma peke yake haisaidii sana.

Ila kiuno kikiuma huku miguu inalegea au mkojo umegoma, awe alichomwa au hakuchomwa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa ganzi na usingizi,
Tanga