Vanishi inayonata haiponi kwa kuongezwa vanishi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mikindani aliondoka karakanani kwetu amekasirika. Alikuja na meza ya chai ya mtiki, mwanawe kaitengeneza mwenyewe nyumbani. Viungo vimekaa sawasawa, randa imepita vizuri, ila ukiweka kiganja juu kinanasa. Nikamtajia shilingi 70,000 na siku tano. "Fundi, kopo la vanishi dukani halifiki hata nusu ya hiyo! Kupaka tu?" Tangu mvua zianze maneno haya tunayasikia kila siku, na yanauma, kwa hiyo nayajibu.

Mama, kupaka ni kazi ya saa moja. Hela yako inakwenda kwenye kuondoa kilichopakwa.

Vanishi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Tina, yaani kimiminika cha kulegezea vanishi, ikisharuka, vanishi yenyewe bado inahitaji hewa ili igande. Ukipaka mkono mzito, yaani tabaka nene, juu inafunga ngozi na chini inabaki mbichi. Mtiki nao una mafuta yake ya asili. Usipoufuta kwa tina kabla ya kupaka, vanishi inachelewa kukauka au haishiki kabisa. Ongeza na unyevu wa pwani yetu kuanzia Desemba hadi Aprili.

Sasa mtu akiona inanata, anakwenda kununua kopo la pili. Hapo ndipo hasara inapoanza. Mwalimu mmoja wa Shangani alipiga mikono mitatu juu ya kabati la vyombo lililokuwa linanata. Mkono wa mwisho akaulegeza kwa tina kali ya kupulizia magari, vanishi yote ikajikunja kama utando wa maziwa ya moto. Tulikwangua kwa bapa siku mbili nzima, maana msasa ulikuwa unajaa utomvu kila baada ya dakika chache na kutupwa. Angekuja baada ya mkono wa kwanza, ningemwambia aliweke kivulini penye upepo wiki moja, kisha abonyeze kwa ukucha. Ukucha usipoacha alama, msasa mwepesi namba 320 na mkono mmoja mwembamba, basi. Ukiacha alama, hakuna njia nyingine, ni kukwangua hadi kwenye mbao.

Si kila ubaya ni wa kukwangua, na hatumtozi mtu kazi isiyohitajika. Klia ya kupulizia, ile vanishi angavu isiyo na rangi, ikigeuka nyeupe kama ukungu siku ya mvua, ni unyevu tu: tina inaruka upesi, inapoza uso wa mbao, maji ya hewani yanatua juu yake. Subiri siku kavu, tunapuliza tina ya kukausha polepole, kidogo sana, na weupe unaondoka. Kuna mzee alikwangua meza nzima ya kulia kwa sababu ya ukungu huo. Niliumia nilipoiona.

Na mikwaruzo inayojitokeza baada ya vanishi ni msasa uliopigwa kukata nyuzi za mbao, au mtu karuka kutoka namba 80, msasa mkali, moja kwa moja hadi 240 ulio laini. Sisi tunapita 80, 120, 180, ndipo 240, kwa kufuata nyuzi, hata chini ya meza ambako hakuna atakayeangalia. Tunapaka asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi. Ndiyo maana siku tano.

Yule mama alirudi Jumatatu, meza iko juu ya bajaji. Leo tumefika namba 180 na rangi ya mtiki imeanza kuonekana. Nawe ukileta kazi yako, njoo na kopo ulilotumia, hata kama ni tupu, tujue tunakwangua nini.