Tunapomlilia msanii, jasho lake liwafikie warithi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mashabiki wenzangu wa muziki na filamu hapa Dar es Salaam. Msanii akifariki, haipiti saa moja kila simu mjini ina picha yake. Nyimbo zake zinarudi kwenye daladala, saluni, baa na bajaji, hata zile ambazo redio zilikuwa zimezisahau. Huo ni upendo wa kweli na sina la kuukosoa. Ila siku hizo chache ndizo kazi ya marehemu inasikilizwa kuliko miezi mingi iliyotangulia, na siku hizi kusikilizwa ni fedha. Kwa namna tunavyoomboleza sasa, sehemu kubwa ya fedha hiyo haiwafikii watoto wake. Inakwenda kwa mtu ambaye hata hakumfahamu, aliyepandisha wimbo usiku ule ule wa msiba.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana kwa Michael Jackson. Alifariki tarehe 25 Juni 2009, bila albamu mpya sokoni, na bado ndiye aliyeongoza kwa mauzo ya albamu Marekani mwaka huo. Waliokuwa wamemsahau walikwenda dukani wakiwa na machozi. Kwetu hakuna foleni ya dukani. Kuna YouTube na WhatsApp, na humo ndimo uvujaji ulipo.

Tazama kinachotokea. Mtu mwenye chaneli iliyokwisha ruhusiwa kuweka matangazo, yaani yenye wafuatiliaji wasiopungua 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, anachukua nyimbo kumi za marehemu, anaziunganisha, anaweka picha ya jeneza juu na maandishi mekundu ya R.I.P. Shabiki anatafuta jina la msanii, anakutana na picha hiyo kwanza, anaibonyeza, anaituma kwenye kundi la mtaa. Watu elfu wanaibonyeza. Chaneli ya marehemu mwenyewe ipo chini kidogo, haijaguswa.

Kuitambua chaneli halali si kazi ngumu. Tazama kwanza tarehe ya kupandishwa: wimbo wa miaka kumi na tano iliyopita uliopandishwa jana usiku haukupandishwa na marehemu. Kisha jina la chaneli. Zile zilizothibitishwa kuwa za msanii huwa na alama ndogo ya noti ya muziki kando ya jina. Fungua na maelezo yaliyo chini ya wimbo. Ulioingizwa kwa njia rasmi mara nyingi huwa umeandikwa jina la msambazaji, yaani kampuni iliyouleta mtandaoni, na mwaka wa hakimiliki, wakati ule wa kuchukuliwa huwa na namba ya simu ya mwenye chaneli na ombi la kubonyeza kengele. Ukishaupata wa kweli, tuma kiungo chake. Usishushe wimbo ukautuma kama faili, kwa sababu faili likishaingia kwenye WhatsApp au kwenye flashi ya kibandani litasikilizwa mara laki moja bila senti kurudi kwa mwenye kazi.

Kuna wanaodhani kwamba mtu akifa, kazi zake zinakuwa za wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema vingine: haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Msanii wa rap Albert Mangwea alifariki Mei 2013 huko Afrika Kusini. Mashairi aliyoyatunga mwenyewe yana mwenyewe mpaka 2063. Haki hiyo haitegemei kama wimbo ulisajiliwa, ingawa usajili husaidia sana pakitokea ubishi. Tukumbuke pia kwamba wimbo mmoja una mafungu: kuna aliyetunga, kuna aliyeimba, na kuna anayemiliki rekodi ile ya studio, ambaye mara nyingi si msanii. Familia nyingi hugundua hilo wakati mkataba hauonekani.

Hapa kwenye familia ndipo penye kazi ngumu, na mashabiki walio karibu na wafiwa wanaweza kusaidia kwa kuwakumbusha mapema. Shirika linalokusanya mirabaha ya watunzi, msambazaji wa nyimbo mtandaoni, studio au benki hawawezi kumlipa mtu kwa sababu tu ni mama au kaka wa marehemu. Wanataka msimamizi wa mirathi. Karatasi ya hospitali inapelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupata cheti cha kifo. Ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari wenye majina na sahihi za waliohudhuria, ukimpendekeza msimamizi. Muhtasari na cheti vinakwenda mahakamani. Mahakama ikiridhika inatoa barua ya usimamizi. Barua hiyo ndiyo ya kupeleka kila ofisi. Kinachoharibu mara nyingi ni kuwa na vikao viwili: upande wa mama mzazi una wake, upande wa mwenzi una wake, kila mmoja unamleta msimamizi wake, na malipo yote yanasimama mpaka kesi iishe. Hata kwa wenye mali nyingi iko hivyo. Mwanamuziki Prince wa Marekani alifariki Aprili 2016 bila wosia, na mgawanyo wa mali yake ulimalizika mwaka 2022. Mwimbaji Aretha Franklin aliacha maandishi ya mkono zaidi ya moja, mojawapo likikutwa chini ya mto wa kochi, na watoto wake wakafikishana mbele ya baraza la mahakama mwaka 2023 ili ijulikane karatasi ipi ni wosia halali. Msanii aliye hai anayesoma barua hii, andika wosia, na utaje ndani yake nyimbo zako, barua pepe na chaneli zako kama unavyotaja kiwanja.

Sasa simu ya marehemu. Kwa kawaida huwekwa kwenye droo, chaji inaisha, inasahaulika. Laini isiyotumika hufungwa baada ya muda, na namba ile ile hupewa mteja mwingine. Namba hiyo ndiyo inayopokea tarakimu za kuthibitisha barua pepe, na barua pepe ndiyo ufunguo wa chaneli ya YouTube na akaunti ya msambazaji. Ikipotea, familia yenye barua ya mahakama mkononi inaanza kubisha hodi kwa kampuni zilizo ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo laini itunzwe hai, iwekwe vocha mara kwa mara, na salio la fedha lililomo lisiguswe na mtu yeyote, kwa kuwa hiyo ni mali ya mirathi. Ndani ya barua pepe zitafutwe risiti za msambazaji. Baadhi yao hutoza ada kila mwaka, na ada isipolipwa nyimbo huondolewa zote siku moja. Mashabiki watasema marehemu amefutwa makusudi, kumbe ni ada ya mwaka iliyokosa wa kuilipa.

Na sisi tuna kosa letu tunalolifanya kwa nia njema. Mtu yeyote anaweza kuiarifu Instagram kwamba mwenye akaunti amefariki, akiambatanisha kiungo cha habari ya kifo. Ikikubaliwa, akaunti inageuzwa kuwa ya kumbukumbu. Picha zinabaki, lakini hakuna tena awezaye kuingia, hata mwenye nywila. Mashabiki wakikimbilia kuarifu siku ya pili ya msiba, familia inafungiwa nje kabla haijanakili chochote. Uamuzi huo tuwaachie wenyewe.

Hatari yake ni kubwa zaidi kifo chenyewe kinapokuwa cha kuzushwa. Marehemu Amri Athumani, mchekeshaji maarufu kwa jina la King Majuto, alizushiwa kifo zaidi ya mara moja akiwa hai, kabla hajafariki kweli Agosti 2018 katika Hospitali ya Muhimbili. Fikiria mgonjwa kitandani anapigiwa simu kuulizwa kama bado yupo, na mkewe nyumbani anafungua mlango kukuta watu wamekuja na maturubai. Taarifa ya kweli ina mtu: msemaji wa familia kwa jina, hospitali, au chama chake cha wasanii. Sauti isemayo "imethibitishwa" bila kusema imethibitishwa na nani, isubirishwe. Picha ya mtu aliyefunikwa shuka jeupe haithibitishi kitu. Picha hizo huzunguka kutoka msiba mmoja hadi mwingine. Anayesambaza uongo huo mtandaoni huku akijua ni uongo anaweza kuangukia kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambacho adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Rambirambi nazo zina wezi wake. Kamati inatoa tangazo lenye picha ya marehemu na namba ya mweka hazina. Baada ya muda mfupi linatokea tangazo la pili, picha ile ile, rangi zile zile, tarakimu mbili za mwisho zimebadilishwa. Macho hayawezi kuliona hilo. Kinga ipo kwenye simu yako: ukiingiza namba na kiasi, kabla muamala haujakamilika utaonyeshwa jina lililosajiliwa. Jina hilo lilingane, herufi kwa herufi, na la mweka hazina aliyetangazwa na familia. Lisipolingana, katiza hapo hapo. Ukiwa umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, kwa sababu fedha ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vigumu mno. Na ujumbe wa kitapeli uupeleke kwenda 15040.

Kuhusu kuaga mwili nitasema kidogo. Wengi tunakumbuka Leaders Club, Aprili 2012, siku ya kumuaga mwigizaji Steven Kanumba: watu walizimia, na wengi waliokwenda hawakufanikiwa kumwona. Machi 2021 katika Uwanja wa Uhuru, wakati wa kumuaga Rais Magufuli, msongamano uliua watu 45 kwa mujibu wa polisi. Katika msongamano mtu hufa akiwa amesimama, kifua kimebanwa, hewa haiingii. Ukihisi unasogezwa bila kutembea, usingoje zaidi. Kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usiiname kuokota simu wala kiatu, na watu wanapotulia kati ya sukumo moja na jingine sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Na kwa marehemu Mwislamu, tusitegemee foleni ya kutazama uso. Kuna sala ya jeneza, na maziko hayacheleweshwi.

Wapenzi wa mpira walituonyesha heshima isiyohitaji kusukumana. Diogo Jota wa Liverpool alifariki kwa ajali ya gari nchini Hispania tarehe 3 Julai 2025, pamoja na mdogo wake. Klabu ikaistaafisha jezi namba 20 aliyoivaa, na mashabiki wakawa wanapiga makofi dakika ya 20 ya mchezo. Kila shabiki wa timu hiyo aliyeketi kibanda umiza hapa mjini aliweza kushiriki kwa mikono yake tu. Redio zetu zinaweza kuwa na dakika ya namna hiyo: saa moja maalumu ya jioni, wimbo mmoja wa marehemu, mtangazaji amtaje mtunzi na mpiga gitaa, na wimbo uandikwe kwenye orodha ya nyimbo zilizopigwa, maana malipo ya watunzi hufuata orodha hizo.

Na kwako Mhariri nina ombi. Gazeti lako linapoandika tanzia ya msanii, chini ya habari ongezeni mistari mitatu: jina la msemaji wa familia, jina lililosajiliwa kwenye namba ya rambirambi, na jina kamili la chaneli ya marehemu kama alivyoliandika mwenyewe. Nafasi yake ni ndogo kuliko tangazo la nyumba ya kupanga.

Mpenzi wa muziki,
Kinondoni, Dar es Salaam