Kwa mdogo wangu na shemeji, kuhusu kufunga mirija

Wapendwa,

Salamu nyingi ziwafikie. Mimi mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Ujumbe wenu wa kuuliza kuhusu vasektomi, yaani kufunga mirija ya uzazi ya mwanaume, nimeupata, na kwa kuwa mmeuliza wote wawili, nawajibu wote wawili. Shemeji anisamehe, humu maumbile nitayataja kwa majina yake. Barua hii msimpe mtoto awasomee.

Mdogo wangu, ondoa kwanza hofu ya kuhasiwa. Anayehasiwa huondolewa korodani, na kwenye vasektomi korodani haziguswi. Kinachokatwa ni mirija miwili myembamba, mmoja kila upande, inayopandisha mbegu kutoka korodani kuelekea tezi dume. Homoni ya kiume haipiti humo, inaingia moja kwa moja kwenye damu, kwa hiyo hamu, ndevu na nguvu za kiume vinabaki vilevile. Shahawa nazo zitaendelea kutoka na kwa macho hutaona tofauti, kwa sababu karibu zote ni majimaji ya tezi dume na vifuko vya shahawa. Mbegu zinaendelea kutengenezwa, ila zinaishia njiani, na mwili unazivunja na kuzifyonza.

Operesheni yenyewe ni fupi, dakika 15 hadi 30, na huna haja ya kulazwa. Njia ya kutafuta ni ile isiyotumia kisu, aliyoibuni daktari Mchina Li Shunqiang mwaka 1974. Unachomwa sindano ya ganzi kwenye ngozi ya pumbu, nawe uko macho. Daktari anautafuta mrija kwa vidole, anausogeza hadi chini kidogo ya ngozi, anaubana pamoja na ngozi kwa koleo yenye kichwa cha pete. Kisha kwa koleo nyingine yenye ncha kali anatoboa tundu dogo na kulipanua, anavuta kitanzi cha mrija nje, anakata. Tundu kwa kawaida halishonwi. Baada ya ganzi kukolea utahisi kuvutwa, wakati mwingine hadi tumboni, lakini si maumivu ya kukatwa. Ukihisi kukatwa, sema, uongezewe ganzi.

Swali moja mumuulize kabla hajaanza: ncha za mrija anazifungaje? Kukata na kufunga kwa uzi peke yake ndiyo njia dhaifu, kwani ncha zinaweza kuungana tena zenyewe. Iliyo imara ni kuunguza ndani ya tundu la mrija, kisha utando unaouzunguka ubanwe katikati, ncha moja ibaki ndani yake na nyingine nje. Daktari anayeijua kazi yake hatachukia kuulizwa.

Sasa lililonifanya niandike barua ndefu. Siku ya operesheni bado hujafunga uzazi. Mbegu zilizokwishavuka pale palipokatwa bado zimo, na zinaweza kutunga mimba kwa wiki nyingi. Kwa miezi 3 kamili lazima mwendelee na kondomu, au shemeji aendelee na njia yake. Mimba nyingi zinazoitwa za vasektomi iliyoshindwa zinaingia hapa, kwa watu waliodhani wamemaliza. Na mimba inayoingia mwezi wa pili baada ya operesheni haiji peke yake. Inakuja na maneno, na anayeshukiwa ni mke, ilhali kosa ni la kalenda.

Miezi 3 ikiisha, na shahawa zikiwa zimetoka kama mara 20 hivi, zipimwe. Msipuuze kipimo hiki, hata mtu akiwaambia muda unatosha. Kabla ya kutoa sampuli, kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Utoe kwa mkono, moja kwa moja kwenye kikopo safi cha maabara, bila sabuni, mafuta wala mate. Kondomu ya kawaida isitumike kukusanyia, ina vitu vinavyoharibu mbegu. Usipoteze tone la kwanza, maana ndilo lenye mbegu nyingi; likimwagika, waambie maabara. Kikopo kikae karibu na mwili kipate joto, kifike ndani ya saa 1. Mnachokitaka ni jibu la kwamba hakuna mbegu, au zilizopo hazifiki 100,000 kwa mililita na hakuna hata moja inayotembea. Zikiwepo zinazotembea, endeleeni na kinga na mrudie kipimo. Zikiwa bado zinatembea baada ya miezi 6, operesheni imeshindwa: ama mrija umeungana, ama upande mmoja ulikatwa mara mbili na mwingine ukaachwa. Hutokea. Ukishapata jibu safi, uwezekano wa mimba unabaki kama 1 kati ya 2,000.

Mengine ni mepesi. Kabla ya kwenda, oga, nyoa, na umtajie daktari dawa zote unazotumia, hasa aspirini na za kuzuia damu kuganda, ila usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie pia kama una busha, ngiri, korodani ambayo haikushuka, au kidonda sehemu hizo. Baadaye vaa chupi ya kubana, pumzika siku 2, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 kwa wakati. Kubeba mizigo na tendo la ndoa visubiri wiki 1. Michubuko na uvimbe kidogo ni kawaida. Pumbu likivimba kwa kasi, ukipata homa au usaha, usisubiri asubuhi. Damu kuvilia au maambukizi huwapata watu 1 hadi 2 kati ya 100, na wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu, jambo ambalo watangazaji wa huduma hii hawapendi kulitaja.

Vasektomi haizuii virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Tena, mirija inaweza kuunganishwa, lakini ni upasuaji mgumu wa darubini usio na uhakika, na kadiri miaka inavyopita matumaini yanapungua. Mkijikuta mnasema “tukibadili mawazo tutafungua”, basi hamjawa tayari. Sindano na vipandikizi vipo. Kama nyumbani kuna ugomvi, msiba au mtoto mgonjwa, ahirisheni.

Shemeji, uliuliza kama ni afadhali ufungwe wewe. Kumfunga mwanamke ni kuingia ndani ya tumbo, mara nyingi kwa dawa ya usingizi, na hatari zake ni kubwa zaidi. Kama nyote mko radhi na hamna kizuizi, afungwe yeye.

Mkipangiwa tarehe nijulisheni, na tarehe ya kipimo iandikeni siku hiyohiyo.

Ni mimi,
Kaka yenu